Torkild Sikio na Muziki wa Nyumba Nzima

Hakuna mtu pale Nørkær aliyemwita Torkild Hedegaard kwa jina la ukoo wake. Mji ni mdogo, uko Jutland ya magharibi ambako upepo hauombi ruhusa ya kuingia ndani, na majina huko hugawiwa kwa kazi. Yeye alikuwa Torkild Sikio.

Jina alilipata kiwandani. Kwa miaka thelathini na sita kiwanda cha redio kilimlipa kwa kukaa tu. Alikaa kwenye chumba kilichozibwa kwa sufi kuta zote nne, redio ikaletwa mbele yake, akasikiliza. Hakushika bisibisi wala koleo. Redio ikiwa sawa, aliinua kidole gumba. Ikiwa na kasoro, alitikisa kichwa, na wahandisi na vyeti vyao wakairudisha mezani kuifungua upya. Kuna siku alitikisa kichwa kwa redio sabini mfululizo. Meneja alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, kumbe gundi ya wiki ile ilikuwa mbovu kweli. Tangu hapo, Sikio akisema, limesemwa.

Alipostaafu hawakumwacha apumzike. Watu walimsimamisha dukani, mkate wa shayiri mkononi, wakamuuliza, "Torkild, kwetu tuweke spika gani?" Naye hakuwahi kumnyima mtu jibu. Nadhani alilipenda jina lile kuliko alivyopenda kukiri.

Nyumbani kwake, sebuleni, kulikuwa na spika mbili na kiti kimoja cha ngozi. Umbali wa kiti kutoka kila spika aliupima kwa futi ya seremala, kisha akapigilia misumari minne midogo sakafuni pale miguu ya kiti inapokaa, ili ufagio usije ukakisogeza. Ukikaa pale, muziki unasimama mbele yako kama watu: unamjua mwimbaji yuko wapi, na nani yuko nyuma yake na fidla. Ukisogea hatua mbili tu, watu wote wanatawanyika. Kwa hiyo kiti kilikuwa cha Torkild. Wageni walikaa kwenye sofa na kusikia muziki wa sofa.

Na mkewe, Birthe? Birthe alikuwa mshonaji wa mapazia. Chumba chake cha cherehani kilipakana na sebule, ukuta kwa ukuta. Jioni mumewe akiweka santuri, yeye alikuwa kule na pindo za watu.

Sasa, mambo haya yalianzia Krismasi ya mwaka juzi. Mnajua kawaida yenyewe: bata ameliwa, mishumaa ya mti imewashwa, watu wanashikana mikono wanauzunguka mti wakiimba, halafu mmoja anauvuta mnyororo huo wa watu na kuutoa sebuleni. Jikoni, chumba cha kulala, chumba cha cherehani, ukumbini kwenye makoti, mpaka chooni ukitaka, nyumba nzima ipitiwe, kisha mnarudi kwenye mti. Torkild hakuwahi kuingia kwenye mnyororo. Alibaki sebuleni kulinda santuri. Mwaka ule, mnyororo ulipofika chumba cha kulala hawakusikia tena muziki, wa mbele wakawa ubeti wa tatu na wa nyuma bado ubeti wa pili, mmoja akavuta, mwingine akasita, na mkwe wao akaangukia kabati. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Birthe naye alicheka. Lakini alipokuwa akiosha vyombo alisema jambo, na mwaka mzima hakuacha kulisema.

"Krismasi ijayo nataka muziki vyumba vyote."

"Vyumba vyote? Mama, muziki una mahali pake."

"Najua. Mahali pake ni pako. Miaka arobaini na nne nasikiliza mgongo wa muziki. Nimechoka na mgongo. Na mimi niuone uso."

Oktoba ilipoingia, alisema mara ya mwisho. "Wewe ndiye Sikio. Watu wa mji mzima unawachagulia. Nichagulie na mimi."

Hapo ndipo Torkild alipoishiwa na ujanja. Maana sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa.

Halikuuma, halikuaga. Asubuhi moja aliinua saa yake ya mkononi upande wa kulia, ikamjibu tiki tiki. Akaipeleka kushoto, kimya. Aliitikisa saa. Akairudisha kulia, ikajibu. Alifanya hivyo mara sita, kama mtu anayetumaini saa ndiyo mbovu. Hakumwambia mtu. Jioni aliendelea kukaa kitini, kichwa amekigeuza kidogo, na watu waliendelea kumuuliza naye akaendelea kujibu, kwa sababu spika nyingi alizijua kwa sifa na nyingine kwa bei. Alikuwa ameamua kufa na tai shingoni. Lakini kumdanganya jirani ni kitu kimoja. Huyu ni Birthe, na atasikia kila siku.

Alikwenda kwa Annelise Krog, mwenye duka la spika barabara kuu. Torkild na baba yake Annelise walifanya kazi pamoja kiwandani, kwa hiyo binti wa jana huyu, mwenye miaka hamsini, bado alimwogopa kidogo.

"Sikio mwenyewe! Leo sithubutu kukusifia bidhaa yangu. Kaa uhukumu."

Alimkalisha na kumpigia spika za kila aina. Torkild alifumba macho, akakunja uso, akasema "mmh" penye kufaa mmh. Kwa kweli alichokuwa akisikiliza ni pumzi ya Annelise. Kila alipofika kwenye aina anayoipenda mwenyewe, alivuta pumzi na kungoja.

"Hizi," alisema Torkild, pumzi ilipovutwa ndefu kuliko zote.

"Nilijua! Nilijua utazichagua hizi!" Annelise alipiga makofi. "Hazina waya, zinapeana muziki zenyewe kwa mtandao wa nyumbani. Nenda nazo, kaa nazo wiki mbili. Usipozipenda, rudisha."

Zilikuwa spika nzuri za kutazama, nyeupe, laini kama mawe ya ufukweni. Jumatatu Torkild alizipanga: mbili sebuleni, moja jikoni, moja chumba cha kulala, moja kwa Birthe. Kwenye chumba cha cherehani aliona kitu alichokuwa hajawahi kukiona. Juu ya kiti cha Birthe, kwenye karatasi ya ukuta yenye maua, palikuwa na doa. Ukubwa wake kisahani cha kikombe, rangi yake ya mafuta mafuta, maua yamefifia pale kama yamefutwa. Aligusa. Pakavu. Unyevu, alijiambia, huu ni unyevu unaanza. Ikiisha Krismasi nitapaka rangi. Akaiweka spika kwenye rafu ya jirani na kwenda zake.

Kisha simu inayoziongoza spika ikaanza kumhoji. Kwa kila spika iliuliza: hii ni ya kushoto, ya kulia, au ya pande zote mbili? Torkild alikereka. Pande zote mbili! Spika isiyojua upande wake ina tofauti gani na askari asiyejua mguu wa kulia? Miaka thelathini na sita aliwarudishia wahandisi redio zao kwa kosa la kuchanganya pande. Basi akatazama nyumba yake, akaona ukumbi unapita katikati, akagawa kama mtu mwenye elimu yake. Jikoni na chumba cha kulala, kushoto. Chumba cha cherehani, kulia. Sebuleni moja huku, moja huku. Akakaa kwenye kiti chake, ndani ya misumari minne, akaweka santuri ya majaribio aliyopewa na kiwanda alipostaafu: mwanamke anaimba upande wa kulia, piano inapigwa kushoto.

"Si mbaya," alisema. Na kule magharibi mtu hana sifa ya juu zaidi ya hiyo.

Siku tatu Birthe alizisikiliza spika hizo. Alhamisi alikuwa jikoni anasukuma unga wa biskuti za kahawia, zile za karafuu na mdalasini ambazo zisipoanza kuokwa Novemba, basi Krismasi haiji.

"Mzee, hebu njoo jikoni."

"Nasikiliza muziki."

"Ndiyo maana nakuita. Njoo usikilize huku."

Torkild aliingia. Birthe alifunga mlango, akafuta mikono kwenye aproni, akaonyesha spika nyeupe juu ya dirisha.

"Haya. Anaimba nani?"

Torkild aliinamisha kichwa, sikio la kulia mbele. Alisikiliza kwa makini, na alimsikia. Naapa alimsikia. "Si ni yule mama wa santuri ya majaribio! Umemsahau? Hebu sikia hiyo pumzi kabla hajapanda juu. Safi."

Birthe aliuweka chini mti wa kusukumia unga.

"Torkild. Hakuna mwanamke anayeimba humu. Tangu Jumatatu ni piano tupu. Mwanamke wa jikoni hii ni mimi peke yangu, na sijafungua mdomo."

Alitaka kucheka. Akasikiliza tena, na safari hii alimkatalia yule mama kichwani mwake, akamwambia nyamaza, akangoja. Piano ikabaki. Piano kavu, ya mbali, na baada yake hamna. Ile sauti aliyoisikia ilikuwa imetoka kwenye miaka, si kwenye spika. Torkild alikuwa na miaka sabini na moja, hakuwahi kuogopa dhoruba wala meneja, lakini pale aliogopa. Aliogopa kwamba pengine hata kule kitini, jioni zote hizi, amekuwa akikaa na kumbukumbu yake.

Alivuta kiti cha jikoni. "Birthe, sikio la kushoto limekufa."

"Ndiyo."

"Nasema limekufa. Halisikii kitu. Na la kulia nalo, sijui tena."

"Nimesikia, mzee wangu. Mimi yangu mazima."

Akamtazama. "Ulijua?"

"Miaka yote mezani nilikaa upande gani? Kushoto kwako. Sasa hivi nakaa wapi? Kulia. Ulidhani nilihamishwa na upepo?" Alimpangusia unga begani. "Tangu Pasaka ya mwaka juzi, nikikuambia jambo kushoto unatabasamu tu. Hukuwa na tabia hiyo ya kutabasamu."

Siri ya mtungi aijuaye kata. "Mbona hukuniambia?"

"Nilingoja uniambie wewe. Mimi mkeo, si kiwanda. Nitakutikisiaje kichwa?"

Torkild aliona aibu, kisha akaona ahueni, na ahueni ndiyo iliyomtoa machozi. Birthe alimwacha alie kidogo, kisha akampa biskuti, maana hana uvumilivu wa mambo yakirefuka.

"Na jingine," alisema. "Kule kwenye cherehani kuna mwanamke bila piano. Chumba cha kulala kuna piano bila mwanamke. Umefanya nini, umewatalikisha?"

Alipomweleza alivyogawa nyumba kushoto na kulia, Birthe alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa ili nisikie wimbo mzima nikae wapi? Ukumbini, kwenye makoti? Umechukua nyumba yote umeifanya spika zako mbili!"

Ndivyo ilivyokuwa. Aliombwa muziki wa watu wote, akaujenga tena kwa mtu mmoja. Mganga hajigangi. Alikwenda kwenye simu na kugusa, kwa spika za vyumbani, lile neno alilolidharau: pande zote mbili.

Lakini baada ya hapo kilichobaki kwa Torkild hakikuwa huzuni. Kilikuwa udadisi, ule wa zamani wa kiwandani. Atachaguaje kitu cha kusikiliza bila masikio? Birthe alisema yeye anajua kupenda, hajui kupima. Torkild alizunguka nyumba, akaweka kiganja juu ya kila spika, akahisi mdundo ukimgonga kwa chini. Akasimama mlangoni mwa sebule. Halafu akarudi jikoni haraka.

"Mwaka jana mnyororo ulikatikaje?"

"Wa mbele walikwenda, wa nyuma wakabaki."

"Na wewe ulijuaje?"

"Nilivutwa mkono. Nusura ung'oke."

"Basi ndiyo kipimo," alisema Torkild. "Spika zikitofautiana, hata kwa unywele, miguu itatofautiana. Na miguu ikitofautiana, mkono utavutwa. Mkono wangu haujafa."

Jumamosi asubuhi Annelise alikuja na aina nyingine mbili kwenye gari lake. Alikuja pia Regnar, mwenzake Torkild wa kiwandani, mtu mrefu mwenye domo na nywele nyeupe zilizomfunika masikio. Torkild aliwasimamisha ukumbini, akawaambia palepale kwamba sikio moja limekufa na la pili liko njiani. Annelise aliinamisha uso kwa kumwonea huruma. Regnar akaguna.

"Umechelewa, bwana." Aliinua nywele zake. Nyuma ya kila sikio kulikuwa na kifaa kidogo cha kusikilizia. "Miaka minne sasa. Unadhani nimefuga nywele kwa urembo?"

"Wewe! Wewe uliyeniambia spika zako mpya zinang'ata kwenye sauti za juu?"

"Niliona wewe unatikisa kichwa, nami nikatikisa."

Basi wakashikana mikono, watu wazima wanne, kweupe, tarehe ishirini na tatu Novemba, na Torkild akaweka muziki wa mti wa Krismasi. Birthe mbele, Annelise, Regnar, na Torkild mkiani. Mtu wa pale akicheza mnyororo huo kabla ya mkesha wa Krismasi ni sawa na kumwimbia maiti ambaye bado anakula. Jirani wa dirisha la pili, Bibi Kjærgaard, aliwaona wakipita, akapiga simu papo hapo. "Birthe, mko salama? Nimwite daktari?"

"Tunachagua spika!" alijibu Birthe, mkono mmoja kwenye simu na mwingine kwa Annelise, akaendelea kuvuta.

Zile nyeupe ziliimba vizuri, na safari hii sauti na ala zilikuwa pamoja kila chumba. Lakini Birthe alipokanyaga jikoni, Torkild, aliyekuwa bado sebuleni, alihisi kitu begani. Kidogo tu. Mvuto, kisha kulegea.

"Rudieni."

Walirudia. Ukaja tena, palepale mlangoni.

"Mimi sisikii tofauti yoyote," alisema Annelise, mwenye spika anazozipenda.

"Wala mimi sisikii," alisema Torkild. "Jikoni inachelewa."

Annelise alisimama kizingitini, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu. Kisha akafumbua na kumtazama Torkild kama baba yake alivyokuwa akimtazama kiwandani enzi zile. "Inachelewa," alisema.

Aina ya pili, vidogo vidogo vya bei ya chini, havikufika mbali. Cha chumba cha kulala kilinyamaza katikati ya ubeti, Regnar akaimba yake, mnyororo ukajikunja na akakalia kapu la nguo. Ya tatu Annelise aliitoa garini bila kuisifia. Masanduku ya mbao yenye sura ya kabati la viatu, na waya unaotoka kila sanduku kwenda kwenye mashine moja. Waliutandaza waya sakafuni kwa muda, wakauruka. Wakazunguka nyumba mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu Birthe aliwapitisha mpaka chooni. Mkono wa Torkild ulikwenda ulikopelekwa, haukuvutwa wala haukusukumwa.

"Mama?" aliita kutoka mkiani. "Unazipendaje?"

"Sura mbaya," alisema Birthe. "Muziki, ndio huu niliutaka. Zibaki."

Hivyo ndivyo walivyochagua. Annelise alizichukua zile nyeupe bila kinyongo, akanywa vikombe vitatu vya kahawa na kuondoka na mkebe wa biskuti.

Waya lakini hauwezi kukaa sakafuni. Sharti upite kwenye kuta. Wiki ya kwanza ya Desemba Torkild alitoa keekee na penseli. Jikoni alimaliza, chumba cha kulala akamaliza. Ikabaki chumba cha cherehani, ambako njia fupi ilikuwa wazi: toboa ukuta wa sebule, utokee upande wa pili, umemaliza. Alipima kutoka sakafuni, akapima kutoka dirishani. Alama yake ya penseli iliangukia katikati ya lile doa.

Vizuri, alifikiri, tobo na doa nitavipaka rangi pamoja. Lakini udadisi ulikuwa umekwisha kuamka, na ukiamka haulali. Unyevu gani huu usio na unyevu? Aligonga, ukuta ulikuwa mzima. Akanusa. Akavaa miwani na kuona kwamba karatasi haikuoza. Imelika, imelainika, kama kizingiti kinavyolika. Alikuwa amechuchumaa hivyo Birthe alipoingia na suruali ya mtu ya kupunguza.

"Usinijali, nina pindo moja tu," alisema.

Sebuleni santuri ilikuwa ikizunguka kwenye zile spika za zamani. Huku bado hapakuwa na spika. Birthe alikaa kwenye kiti chake. Alitunga uzi, akashona kidogo, mikono ikatulia mapajani. Na bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo cha koti, alirudisha kichwa nyuma kikaegemea ukutani. Kilitua juu ya doa. Hakikupungua, hakikuzidi.

Penseli ilimwanguka Torkild.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Unakaa hivyo."

Birthe alifungua macho, akageuka kutazama ukuta, akapagusa kwa kidole kama anayepaona kwa mara ya kwanza. Uso ukamwiva. "Loo, nimeuchafua ukuta. Sijui, Torkild. Tangu uliponunua kiti, nadhani. Hapa ndipo panaposikika kidogo."

Torkild alimshika mkono, akamwinua, akamwongoza mpaka sebuleni na kumkalisha kwenye kiti cha ngozi, ndani ya misumari minne. Miaka arobaini na nne Birthe alipangusa vumbi la kiti kile na hakuwahi kukikalia. Torkild akairudisha sindano mwanzo wa santuri, akatoka.

Alirudi kwenye chumba cha cherehani, akakaa kiti cha mkewe. Kichwa chake kilipita juu ya doa, alilazimika kuteremka kidogo. Akageuka, akaliweka sikio la kulia, lililobaki, juu ya doa. Safari hii alikuwa mwangalifu, akayanyamazisha yote anayoyajua. Alisikia mdundo mzito, mara mbili, mara tatu. Alisikia kitu kama mtu anasogeza meza nyumba ya jirani. Mwimbaji hakuwepo. Fidla hazikuwepo. Alikaa mpaka upande wote wa santuri ukaisha, dakika ishirini na mbili, na hakuna jambo alilolisikiliza maishani mwake kwa makini kama lile.

Birthe alisimama mlangoni. Macho yalikuwa mekundu.

"Kumbe anasimama kulia," alisema. "Mwanamke. Anasimama kulia kidogo, karibu na dirisha. Sikujua kama ana mahali."

"Huku hakuna mtu," alisema Torkild. "Birthe, huku hakuna mtu kabisa. Nisamehe."

"Sogea huko," alisema Birthe, akakaa naye kwenye kiti kilekile kimoja, ambacho hakikutosha.

Jioni ya mkesha nyumba ilijaa. Bata aliliwa, lozi ya zawadi iliyofichwa kwenye uji wa mchele ikaenda kwa asiyestahili, mishumaa ikawashwa. Mkwe wao, yule wa kabati, ni fundi umeme, na fundi hana sikukuu. Alisimama chumba cha cherehani akiufuata waya kwa kidole. Ulitoboka kona ya mbali karibu na dari, ukapita juu ya dirisha, ukazunguka mlango, ukashuka nyuma ya kabati ndipo ukaifikia spika.

"Baba mkwe, hapa umejichosha bure. Mita kumi na moja nzima! Ungetoboa hapa tu," akaweka kidole kwenye maua yaliyofifia, "ukamaliza kwa mita moja."

"Hapo haiwezekani," alisema Torkild.

"Kuna nini, bomba?"

"Pana kichwa cha mtu."

Mkwe alimtazama mkewe, mkewe akainua mabega: mzee umri umeanza. Birthe hakumtazama mtu. Muziki ulikuwa umekwisha kuanza vyumba vyote, mnyororo unajiunga, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kubaki sebuleni. Alinyoosha mkono wake nyuma, upande wa kulia, na Torkild akaushika.